Nashukuru, Mzazi Wangu

Mama mkwe wangu, Bibi Rahel, hakuwahi kuacha salamu ya mtu ianguke chini. Mpita njia akisema shikamoo kule barabarani, naye yuko ndani anapepeta uwele, ataweka ungo pembeni, atatoka mpaka mlangoni, ataitikia marahaba, kisha atauliza habari za kwao, za mvua ya kwao na za ng'ombe wa kwao. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo watu aliwajua kwa sauti, na sauti akiisikia mara moja ameihifadhi. Nilipoolewa pale karibu na Ilongero, mimi Mgogo wa Kilimatinde katikati ya Wanyaturu ambao hawakuchoka kunitania, alinishika mkono akaniambia niseme chochote. Nikasema upuuzi fulani wa bibi harusi. Akajibu, "Basi, nimeshakujua." Tangu siku hiyo hata nikikohoa kisimani alijua ni Janeth.

Ndiyo maana simu ilimfaa yeye kuliko sisi wenye macho. Wifi yangu Aneth, anayekaa Dodoma, alimletea kitochi, naye akakitundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Kikiita alibonyeza mara mbili: kupokea, na kuweka spika. Aliona ni uchoyo mtu kusikiliza peke yake habari iliyotoka mbali. Kwa hiyo simu ya mama ilikuwa simu ya uani, na aliyekuwapo uani alisikia yote.

Mwaka huo, elfu mbili na kumi, mume wangu Stanley aligombea udiwani wa kata yetu. Mimi sikutaka, na niliseme mapema. Tulikuwa na mashine ya kukamua alizeti pale Ilongero, tunakula, tunalala, watu wanatuheshimu. Ukitaka watu wakuhesabie dhambi mpaka za babu yako, omba kura. Lakini Stanley alikuwa na uchungu na kisima cha kata ambacho pampu yake ilikufa zamani na kila kiongozi akaja kupiga picha nayo. Na akishaamua jambo humrudishi, ni mtoto wa mama yake. Chama chake sikitaji. Siku hizo vyama vilikuwa vingi kuliko miti ya kutundikia bendera, na rangi ya bendera haina kazi katika haya ninayoyasimulia.

Simu ilikuja mchana mmoja wa Oktoba, upepo unazungusha vumbi uani. Mama alikuwa amekaa mkekani na jirani yetu Febronia, wanachambua mbegu za kupanda. Mimi nilikuwa nasugua masufuria. Kitochi kikaita, mama akabonyeza mara mbili.

"Shikamoo, mzazi wangu," ikasema sauti ya mwanamume. Sauti nzuri, nzito kidogo, yenye lafudhi ya kwetu kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Nashukuru, mzazi wangu. Naongea na wewe kwa uchungu. Stanley Lazaro, anayekuomba kura ya udiwani, amemuuzia mwekezaji shamba la marehemu baba yake. Kaburi la mzee limo humo humo. Aliyeuza kaburi la baba yake, kata yako ataiacha? Tafakari, mzazi wangu."

Halafu sauti ikanyamaza, kama mtu anayekupa nafasi. Nilikuwa nimesimama na sufuria linalochuruzika maji, na kabla sijafika mkekani mama alikuwa ameshasema. Hakupiga kelele. Aliongea taratibu, uso ameuinamisha kwenye simu.

"Basi siku nikifa, Stanley asinitupie udongo. Umenisikia, mwanangu? Asinitupie udongo."

"Ahsante kwa kunisikiliza," sauti ikajibu. "Ubaki salama." Ikakata.

Febronia alijishika mdomo. Niliuona mkono ule mdomoni nikajua hautakaa pale muda mrefu. Febronia si mtu mbaya, aliniuguzia mtoto wangu nilipolazwa, ila hana kifua. Kabla jua halijazama kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Bibi Rahel amemkatalia mwanawe udongo.

Labda mahali pengine lingekuwa neno la hasira tu. Katika ukoo wa mume wangu mtoto wa kiume ndiye anayeanza kutupa udongo, na Stanley alikuwa wa kiume peke yake. Akizuiwa na mama yake mwenyewe, atasimama pembeni ya kaburi na mikono mitupu, watu wote wakimtazama, na atabaki hivyo maisha yake yote. Hakuna msiba utakaokwisha kwake. Nilimwogopea mume wangu siku ile kuliko nilivyoogopa kura yoyote.

Stanley alirudi kutoka mkutanoni na sauti imemkauka. Alikuwa ameshasikia njiani.

"Shikamoo, mama."

Mama akanyamaza. Alikuwa macho, mikono iko kwenye mbegu, naye akanyamaza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona salamu ikianguka chini katika nyumba ile, na ilimwangukia mwanawe.

Baada ya muda akasema, "Wakati wa mavuno ulikuja shambani na mtu. Nilisikia viatu vyake. Si viatu vya huku."

"Mnunuzi wa mbegu, mama. Alitaka kuiona alizeti ikiwa shambani kabla hatujapatana bei."

"Na kaburi?"

"Kaburi lipo. Simama nikushike mkono, twende ulipapase."

"Hata kaburi lililouzwa hupapaswa, mpaka siku mwenyewe atakapokuja na trekta."

"Mama, huyo aliyekupigia ni nani? Alikutajia jina?"

"Ni mtoto wa watu. Aliniamkia, akangoja nikaitikia, akashukuru. Mwongo ana haraka, Stanley. Yule hakuwa na haraka hata kidogo."

Nililala nikiwa nimekasirika, na sikujua nimkasirikie nani. Mkwe wangu? Sauti? Mume wangu aliyeniletea siasa ndani ya nyumba? Mnunuzi yule na viatu vyake? Uongo ule ulikuwa umesimama kwenye kipande kidogo cha kweli, na uongo wa namna hiyo hausukumwi ukaanguka.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Pale Ilongero, kwenye kibanda cha kuchaji simu, simu za watu zilizopangwa kwenye benchi zililia moja baada ya nyingine, na kila mwenye kibanda alipopokea, aliamkiwa yeye. Mtoto wa Febronia, asiyejua hata kufunga kamba za viatu, alipokea simu ya baba yake akaitwa mzazi wangu. Watu walicheka sana habari hiyo ya mtoto. Walicheka shikamoo, lakini ya kaburi waliyabeba wakaenda nayo nyumbani.

Siku chache baadaye nilikuwa nampa mama uji, simu yangu ikaita. Namba siijui. Nikaweka spika, nikaiweka mkekani karibu na goti lake, nikafumba mdomo wangu kwa nguvu.

"Shikamoo, mzazi wangu."

Mama aliinua kichwa. Aliitambua palepale. Akanigeukia, akisubiri mimi mwenye simu niitikie. Sikuitikia. Tulisikia kuku wanaparua, tukasikia upepo kwenye bati.

"Nashukuru, mzazi wangu," sauti ikasema. "Naongea na wewe kwa uchungu..."

"Janeth, umemwitikia?"

"Sijamwitikia, mama."

"Sasa anashukuru nini?"

Sauti ilikuwa inaendelea, inamuuza Stanley, inauza kaburi, neno kwa neno kama mara ya kwanza. Ilipofika kwenye tafakari ikanyamaza kwa kituo kilekile, halafu ikatutakia tubaki salama.

"Si mtu, mama," nikamwambia. "Ni sauti ya mtu iliyorekodiwa. Ipo kwenye kompyuta, nayo kompyuta inapiga simu yenyewe. Hapo aliponyamaza hakukusubiri wewe. Walipima tu muda wa mtu kusema marahaba."

Alikitafuta kikombe cha uji kwa vidole, akakisogeza mbali. "Walipima," akasema. "Basi aliyewapimia ni mtu wa kwetu. Anajua tunavyoitikia." Halafu akakishika kitochi kilichoning'inia shingoni. "Nimemlaani mwanangu nikiongea na sanduku." Nilimhurumia mpaka nikalia kabla yake.

Stanley alipoingia jioni ile, mama ndiye aliyeanza kumsalimia. Alimpapasa uso, akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo mimi nilikuwa silijui. Nilidhani yamekwisha. Nikaenda jikoni kukamata kuku.

Hayakuwa yamekwisha. Asubuhi aliitwa Mzee Mughwai, mdogo wake marehemu baba mkwe, ili ashuhudie mama akiondoa neno lake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. Kwao, alisema, neno la kiapo linashikwa na yule uliyemwambia. Wewe ulilitoa, yeye akalipokea, na ni yeye anayekurudishia mkononi ndipo uweze kulifuta. Ukilifuta peke yako unafuta hewa.

"Sasa mzee," nikauliza, na sauti yangu haikuwa na adabu ya kutosha, "alimwambia nani? Kompyuta? Tukaibebe kompyuta tuilete hapa?"

"Mke wa mwanangu, mimi sikuileta simu," mzee akajibu.

Mchungaji alikuja naye akasema Mungu anaangalia moyo, sala inatosha. Mama alimshukuru, akaomba naye, akasema amina. Mchungaji alipokwisha kuondoka akatuambia, "Mimi sikusema kwa mdomo wa Mungu. Nilisema kwa mdomo wangu. Sauti ina mwenyewe. Mtafuteni."

Mwenyewe alikuwa ameshajulikana kule kibandani Ilongero, isipokuwa kwa mama ambaye hakuwa mtu wa kumbi za harusi. Alikuwa Antipasi, mshereheshaji wa mjini Singida. Sauti ileile ndiyo iliyotuinua vitini kwenye harusi ya Moses, binamu yake Stanley, ikatuchezesha mpaka viatu vikatuuma. Tulipanda bodaboda, Stanley mbele, mimi nyuma, tukamkuta kwenye chumba chake cha kurekodia nyuma ya duka la vifaa vya shule. Alipotuona alivua vipokea sauti masikioni, akakaa vizuri.

Stanley hakumtukana. Alimweleza habari za mama, za udongo, za neno linalotaka kurudishwa na aliyelipokea. Aliongea kwa upole mpaka mimi nikaona aibu kwa niaba yake.

"Kaka, mimi ni mdomo tu," Antipasi akasema. "Naletewa karatasi, nasoma, nalipwa. Leo harusi, kesho tangazo la sabuni."

"Na pale pa kunyamaza baada ya shikamoo?" nikamuuliza. "Pamo kwenye karatasi?"

Akatazama chini. "Hapana. Hapo niliwashauri mimi. Niliwaambia wazee wa huku usipowapa nafasi ya kuitikia, wanakata simu."

Ningekuwa na sufuria mkononi ningempiga nalo. Alikuwa amechukua adabu ambayo mama yake alimfundisha, akawapa wageni waitumie kama ufunguo wa nyumba zetu. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema anaelewa, ila kuja hawezi, waliompa kazi wakimwona nyumbani kwa mgombea mkate wake umekwisha. Tukarudi na vumbi letu.

Kutoka hapo mama alianza kushuka. Miguu ilimvimba, pumzi ikawa fupi. Hospitali walimpa vidonge, wakatuambia moyo umechoka. Hakuwa anaogopa kufa, aliniambia hivyo wakati namsugua miguu. Alichoogopa ni kufa na lile neno bado liko nje linatembea. Kila pikipiki iliposimama barabarani alinyanyua uso.

Jumapili moja, wiki ya mwisho ya kampeni, pikipiki ilisimama, kumbe ni Antipasi. Alikuwa na jogoo amemfunga miguu. Hakuwa na tai wala miwani yake ya harusi. Alinipa jogoo, akabaki amesimama nje ya ua.

"Nini kimekuleta?" nikamuuliza.

"Mama yangu yuko Iguguno," akasema. "Zile namba walizimwaga tu, hawakuchagua kata. Kompyuta ikampigia na yeye. Akanijua. Akafurahi, dada, miezi nilikuwa sijampigia. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza watoto wangu hawajambo, akaniuliza nitakuja lini. Mimi nikaendelea na habari za kaburi la watu. Sasa nikimpigia hapokei. Anawaambia majirani anaogopa sitamsikia."

Nilimfungulia.

Mzee Mughwai aliitwa, akaja na fimbo yake. Febronia alikuja bila kuitwa, na majirani wengine wakasimama nje ya ua wa miti, wanajifanya wanapita. Stefano, aliyekuwa anamsaidia Stanley kampeni, alifika naye akihema. Mama alikalishwa kwenye kiti cha kamba, Stanley akakaa chini mbele yake, kifua wazi, kama alivyoelekezwa. Antipasi akapewa kigoda.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama akageuza sikio. Akasema, "Si huyu."

"Ni mimi, mama. Ni mimi niliyesema. Naomba unisamehe."

"Mwanangu, mimi sioni, lakini sauti sisahau. Yule hakuwa na hofu. Wewe unatetemeka. Siwezi kumdai mtu kitu ambacho sikumpa."

Antipasi alirudia shikamoo, safari hii kwa sauti ya juu, ikapasuka katikati. Alikuwa na aibu ya kweli, na aibu ile ndiyo iliyokuwa inamficha. Mama akaanza kutafuta mkono wangu aingie ndani alale. Hapo hasira zangu zikanipanda kichwani, na nashukuru zilipanda.

"Basi sema yote," nikamwambia Antipasi. "Sema kama ulivyosema siku ile. Simama. Mtukane mume wangu kwa ile sauti uliyolipiwa."

Stefano alinishika mkono. "Shemeji, una kichaa? Watu wamejaa nje. Kura ni Jumapili ijayo. Wakimsikia huyu kwa mdomo wake, hapa hapa nyumbani, na Stanley amekaa chini kifua wazi, tumekwisha."

Alisema kweli, na mimi nilikuwa sijalifikiria hilo. Nikamtazama Stanley. Alikuwa amepita kila kitongoji cha kata ile kwa miguu, alikuwa ameota pampu ile ya kisima mpaka anaitaja usingizini. Aliwatazama watu nyuma ya miti, mmoja mmoja, kama anayewaaga. Kisha akamtazama mama yake.

"Sema, Antipasi," akasema.

Antipasi akasimama. Alifumba macho, akakunja ngumi akaisogeza mdomoni kana kwamba ameshika kipaza sauti. Mwanzo ilitoka nyembamba. Shikamoo, mzazi wangu. Nashukuru, mzazi wangu. Alipofika kwenye uchungu, sauti ikaanza kupata njia yake. Alipofika kwenye mwekezaji ilikuwa imejaa, nzito, tamu, ileile. "Aliyeuza kaburi la baba yake," alisema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "kata yako ataiacha?" Nje watu waliisogelea miti ya ua. Stanley aliinamisha kichwa, kwa sababu Mzee Mughwai alikuwa ameshamwambia kwamba anayefunguliwa hajibu kitu.

"Huyu ndiye," mama akasema. "Nirudishie neno langu."

Mzee akamnong'oneza Antipasi la kusema. "Nimekurudishia, mama," akasema, na sauti ikavunjika tena.

Mama akachukua maji kwenye kibuyu, akayashika mdomoni, akamtemea Stanley kifuani, upande huu na upande huu. Akasema kwa Kinyaturu kwamba lile neno ni lake, amelichukua, na kwamba mkono wa Stanley ndio utakaomfunika. Stanley alilia kama mtoto wa kunyonya na sikuona aibu kwa niaba yake tena. Antipasi aliinama kuaga, na mama akamwitikia marahaba yake, nzima, na kumuuliza habari za mvua ya Iguguno.

Stefano alikuwa amekaa kwenye kinu, kichwa mikononi.

Kabla ya Jumatano tuliyasikia kutoka upande wa pili wa kata. Antipasi amekuja mwenyewe. Amemwambia Stanley usoni, mbele ya mama yake na mbele ya mzee wa ukoo, na Stanley amekaa chini, hakujibu hata neno moja. Mtu asiye na hatia hukaa kimya? Nilizunguka nikieleza. Nilieleza sokoni, nilieleza kanisani, nilieleza kisimani mpaka ndoo zikanikauka. Watu walinisikiliza kwa huruma, wakasema ndiyo, ndiyo, Janeth, tunaelewa. Hiyo huruma ndiyo ilinimaliza nguvu. Jumapili walipiga kura, na Stanley akashindwa. Pampu ya kisima haijambo, bado imekufa.

Mama alituacha mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi. Alikufa amelala, mkono wake uko kwenye kitochi. Kaburi lilichimbwa pale pale shambani, hatua chache kutoka kwa mzee Lazaro, katikati ya matuta tuliyokuwa tumeanza kupanda alizeti. Kijiji kizima kilikuja. Walisimama kwenye udongo ule ule unaosemwa umeuzwa, viatu vyao vimegandwa nao, na mimi nikajiambia, sasa wanaona kwa macho yao. Sasa yatakwisha.

Mchungaji alipomaliza, Mzee Mughwai akamwita Stanley kwa jina. Akasogea, akainama, akachota udongo kwa mikono miwili, akamtupia mama yake. Nilipumua. Tangu ile simu nilikuwa kama sijapumua, na hapo nilipumua, nikasema kimoyomoyo, mama, umefika.

Watu walipoanza kutawanyika, Febronia alinijia. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia. Alimpenda mama, na mimi simwondolei hilo. Akanishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwenzangu," akasema. "Lakini tumshukuru Mungu kwa kila jambo. Huyo mwekezaji naye kumbe ana utu. Angeweza kuwakatalia msizike hapa."

Akanyamaza, akingoja niitikie. Stanley alikuwa nyuma yangu, udongo wa mama yake ungali kwenye kucha zake, na alikuwa amesikia.